Devi ya fibra: mbele ya kutoa mchango, tusome mstari wa 14

Wandugu na wadada, ba-yaya wa promosio za zamani na wadogo waliomaliza juzi,

Ile dosye ya kurasa 9 iliyopita mu grupu yetu, ile ya kuweka rezo ya ndani ya fibra optiki kwenye shule yetu ya zamani, niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nilichukua kalamu. Mara ya tatu nilichukua kalkileta, na tangu siku ile niko na wasiwasi, juu kila mmoja wetu ameombwa dola 20, na kuko wenzetu ambao dola 20 njo unga wa mwezi mzima nyumbani.

Najua watu watasema: huyu ni mwana-kilimo, rezo inamuhusu nini? Sawa. Lakini nilifanya miaka mitatu kwenye kituo kimoja cha majaribio ya mbegu fasi hakukuwa mtu wa informatiki, na kwa sababu mimi njo nilikuwa kijana kuliko wote, mtu wa informatiki nikawa mimi. Nimevuta kable, nimezika kable, nimeunguza kable. Hayo ya kuunguza nitayasema sasa hivi, juu yanaonyesha fasi moja ambapo dosye iko na haki kabisa.

Iko na haki kusema kwamba kati ya batimenti na batimenti tupitishe fibra, si shaba. Shida ni kwamba sababu inayotoa si sababu yenyewe. Inasema "kasi". Mimi nasema radi.

Mwaka wangu wa kwanza kituoni, biro na depo ya mbegu vilikuwa vinaachana mita 80 hivi. Kanuni ya kable ya shaba ya rezo ni mita 100: 90 za kable ya kudumu na 10 za vipande vya kuunganisha kwenye pande mbili. Nikaona tuko ndani ya sheria. Nilivuta mimi mwenyewe, hewani, kutoka paa hadi paa. Ikatembea vizuri msimu mzima. Halafu mvua za Oktoba zikaanza. Radi haikutupiga hata sisi, ilipiga mkaratusi kando ya barabara. Lakini kable ya shaba kati ya nyumba mbili ni kama mkono uliowekwa nje kuomba radi: nyumba hii iko na udongo wake, nyumba ile iko na udongo wake, na radi ikianguka karibu, nguvu ya udongo wa fasi hizi mbili haiwi sawa tena, basi inapita mu kable kutafuta usawa. Swichi mbili zikanuka. Kompyuta mbili hazikuwaka tena. Moja njo ilikuwa na majedwali ya majaribio ya maharagwe ya misimu mitatu. Kopi? Kopi ilikuwa kwenye ile kompyuta ya pili.

Msimu mmoja tuliurudisha kutoka madaftari ya shambani. Ile miwili mingine imepotea, na wakulima waliotukopesha mashamba yao bado wananiulizaka ni mbegu gani ilishinda. Sinaka jibu.

Na hapa kwetu si fasi yoyote. Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu ya radi duniani kutokana na chombo kilichokuwa kwenye satelaiti ya TRMM, miaka 16 ya kuangalia kutoka juu. Fasi ya kwanza ni ziwa Maracaibo kule Venezuela, karibu radi 233 kwa kilometa mraba kwa mwaka. Ya pili duniani, ya kwanza Afrika nzima, ni Kabare. Ndiyo, Kabare yetu, hapa juu ya Bukavu: kama 205. Mtu anayechora rezo mu Kivu na haandiki neno "radi" hata mara moja kwenye kurasa 9, ni sawa na mtu anayepanga shamba la mihogo na haandiki neno "mozaiki".

Fibra ni uzi wa kioo. Kioo hakipitishi kuranti. Nyumba mbili zikiunganishwa na kioo, radi ikichoma moja, ya pili inabaki nzima. Kwetu sisi hiyo peke yake inatosha kulipa fibra, hata kama kasi ingekuwa ileile ya shaba. Lakini angalia picha ya ukurasa wa 5: kable waliyochagua iko na ganda la chuma ndani, na haisemwi fasi yoyote kwamba hilo chuma lifungwe kwenye udongo pande zote mbili au likatwe kabla ya kuingia ndani. Yaani tunatoa shaba mlangoni, tunairudisha ikiwa chuma kupitia dirishani. Najua chuma kiliwekwa juu ya panya na fuko. Fuko nawajua, walinimalizia viazi vitamu. Lakini kuko kable zisizo na chuma hata kidogo, zenye nyuzi za glasi ngumu pembeni ya zile za mwanga. Unaiweka mu bomba la plastiki nyeusi lilelile tunalonunua kwa maji, unazika sentimita 80, unatandika matofali juu. Matofali si kwa fuko tu. Ni kwa jembe. Shuleni kwetu kila promosio inalima fasi yake ya mazoezi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishika jembe hajui kuna nini chini.

Sasa hiyo kasi. Ukurasa wa kwanza unaahidi kwamba "intaneti itakuwa ya haraka mara mia". Hapa nilicheka, halafu nikakasirika. Rezo ya ndani ni mifereji ya shambani. Intaneti ni chemchemi ya mlimani. Ukipanua mifereji yako yote uweke sementi, chemchemi haitoi maji zaidi. Kama shule inalipa abonema ndogo kwa mtoa huduma, wanafunzi 300 watagawana abonema ileile ndogo, hata kama kila meza iko na fibra. Sisemi kasi ya ndani haina kazi. Iko na kazi kubwa siku ambapo ndani kuna kitu cha kuchota: serva ya maktaba, memwari zote za miaka iliyopita, picha za satelaiti za wale wa ramani, takwimu za labo ya udongo. Leo memwari zinatembea kwenye flashi yenye virusi, kutoka mfuko hadi mfuko. Ukurasa wa serva ninautafuta mu dosye, siuoni. Hakuna serva. Hakuna hata diski moja ya kopi. Tunajenga mifereji ya sementi na hatupandi kitu.

Basi tufike mstari wa 14. Naomba kila mtu afungue devi, ukurasa wa 7. Mstari wa 14: "Kable ya fibra, multimodi OM3, nyuzi 2, mita 1400". Mstari wa 15 hadi 19: vifaa vya GPON, splita, visanduku vya mezani.

Kwa wale ambao hawajui, nitaeleza polepole, juu ni mchango wenu. Kuko aina mbili za fibra. Monomodi iko na kiini cha mikroni 9 hivi, mwanga unapita njia moja. Multimodi kiini chake ni kipana, mikroni 50 kwa hiyo OM3, na mwanga unapita njia nyingi kwa mara moja, njo maana ukienda mbali alama zinachanganyikana. GPON ni namna ya kugawa mwanga iliyoandikwa na ITU, G.984, ambapo kisanduku kimoja kikubwa kinatuma kwenye uzi mmoja, na splita isiyotumia kuranti inagawa mwanga kwa visanduku vingi vidogo. Na GPON ni ya monomodi. Ukichukua mwanga kwenye kiini cha mikroni 50 ukauingiza kwenye kiini cha mikroni 9 cha splita, ni kama kumimina beseni mu shingo ya chupa: mwingi unamwagika nje. Mstari wa 14 na mstari wa 15 haviwezi kuishi nyumba moja.

Labda mtu atasema: basi tuache GPON, tutumie kable ileile na swichi za kawaida. Nilijaribu hesabu hiyo pia. Kwa gigabiti 1, multimodi inafika mita 550. Kwa gigabiti 10, OM3 inafika 300. Kutoka utawala hadi shamba la chini ni karibu mita 700, kila mtu aliyeteremka pale na ndoo ya mbolea anajua. Kwa hiyo mstari wa 14 haufai na mstari wa 15, na haufai bila mstari wa 15. Mimi nafikiri dosye hii ilishonwa kutoka vipande viwili: kable ilitoka kwenye devi ya biro fulani ya mjini, vifaa vilitoka kwenye prospektisi ya hoteli. Aliyeshona hakuvaa nguo mwenyewe.

Tuseme wamesahihisha, wameweka monomodi. Je, mchoro wa ukurasa wa 6 utatembea? Hapa ba-kilimo mtanielewa haraka kuliko wale wa informatiki, juu ni umwagiliaji wa matone. Tanki liko juu, iko na presio fulani. Kila mita ya bomba inakula presio kidogo, kila kona inakula, kila robine inakula, na swali ni moja tu: mmea wa mwisho utapata tone? Kwenye fibra presio inaitwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazopotea, nusu ya mwanga imekwenda. Vifaa vya GPON vya daraja B+, vile vilivyoandikwa mu devi, vinavumilia hasara ya desibeli 28, si zaidi.

Mchoro unaweka splita ya njia 32 pale utawala, halafu splita nyingine ya njia 4 mu kila batimenti. Ile ya 32 inakula kama desibeli 17. Ile ya 4 inakula kama 7. Tuko 24 tayari. Konekta njiani nilizihesabu sita. Tukiweka nusu desibeli kila moja, ni 3. Kioo chenyewe, mita 700, kinakula robo ya desibeli tu, monomodi ni safi vile. (Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake Hockham walipoandika kwamba kioo kinaweza kubeba sauti za watu, walitafuta kioo kinachopoteza chini ya desibeli 20 kwa kilometa moja, kilipatikana kule Corning mwaka 1970. Leo ni kama 0.35. Umbali si adui tena.) Jumla: 27 na robo. Tumebakiza robo tatu ya desibeli. Kati ya mwanga uliotoka, unafika sehemu moja kwa mia tano, na hakuna akiba. Konekta moja ikichafuka, shamba la chini linazimika.

Na itachafuka. Hapa nataka kukaa kidogo, juu ni kitu sijaona mtu anasema. Sisi tulijifunza mwaka wa pili: mfinyanzi ni chini ya mikroni 2, limoni ni kutoka 2 hadi 50, mchanga unaanza juu ya hapo. Kiini cha monomodi ni mikroni 9. Chembe moja ya limoni, ile usiyoiona hata kwa jicho, inaweza kufunika kiini chote. Sasa angalia dosye inaweka wapi prize za fibra za labo ya udongo: kwenye ukuta wa chumba cha kusagia sampuli! Chumba kile ambapo tulikuwa tunatwanga udongo mkavu na kuupitisha mu chekecheo ya milimita 2, tunatoka weupe kama watu wa ubatizo. Kufungua konekta ya fibra mu chumba kile ni kuitia limoni mdomoni. Shaba haijali vumbi sana. Fibra inajali. Ndani ya labo acha shaba iingie, fibra iishie mu kofre iliyofungwa kwa ufunguo, kwenye korido, na kalamu ya kusafisha konekta itundikwe ndani ya mlango wake. Hiyo kalamu haipo mu devi.

Kitu kingine cha ukurasa wa 6 ni kuranti. Wanaisifu GPON kwamba splita haihitaji kuranti, na ni kweli, ni sifa nzuri kwa nchi yetu. Lakini kisanduku cha kila meza kinahitaji. Meza 41, visanduku 41, prize 41, na hakuna mstari hata mmoja wa betri. Fibra haibebi kuranti. Hicho kinachotukinga na radi njo hicho kinachotunyima. Shaba inabeba: tangu 2003 kuko kanuni inayoruhusu swichi kutuma hadi wati 15.4 kwenye kable ileile ya rezo, kuwasha simu au antena ya wifi iliyo kwenye dari. Ukiweka swichi moja ya namna hiyo mu kila batimenti, na betri moja na pano moja ya jua juu ya paa lake, kuranti ikienda wifi inabaki. Kwa mchoro wa dosye, kuranti ikienda, kila meza inakufa peke yake, moja moja, na mwenye laptopu iliyojaa anabaki anaangalia taa nyekundu.

Siko adui wa GPON. Mu hoteli ya ghorofa nane yenye vyumba mia nne na jenereta isiyolala, ningeichagua mimi mwenyewe: uzi mwembamba, hakuna vyumba vya swichi kila ghorofa, hakuna kiyoyozi cha kupoza swichi. Lakini sisi tuko na batimenti nne za chini, zilizotawanyika mlimani, na kisanduku-mama kimoja pale utawala. Kikiungua, batimenti zote nne zinazimika kwa mara moja, na mara nyingi visanduku vidogo havikubali mama wa chapa nyingine. Swichi ya kawaida ikiungua, unashuka mjini, unanunua nyingine hata iliyotumika, unarudi jioni. Mimi nimefanya safari hiyo. Naijua bei ya moto.

Yaya mmoja aliniandikia pembeni: "Mdogo wangu, kukosoa ni rahisi, wewe ungechora nini?" Ni swali la haki. Ningechora nyota: kutoka kofre ya utawala, kable ya monomodi isiyo na chuma kwenda kila batimenti, nyuzi 12 si 2, juu kinachokula makuta ni kuchimba, si kioo. Nyuzi mbili zinafanya kazi, kumi zinalala zikingoja siku moja ikatike au siku labo iombe njia yake. Kwenye kila mwisho swichi yenye tundu la fibra, gigabiti 1, namna ya LX ambayo kwa monomodi inafika kilometa 5 bila kutoa jasho. Ndani ya nyumba, shaba, chini ya mita 90. Kisha serva moja na diski mbili za kopi, moja ikae mu batimenti nyingine, tafadhali, si kama mimi. Na wafanyakazi wawili wa shule, si mmoja, wafundishwe kusafisha konekta na kupima mwanga, ili yule mmoja akipata kazi Goma tusibaki yatima. Kable zinunuliwe tayari na konekta zake kutoka kiwandani, tusimlipe fundi mwenye mashine ya kuunganisha nyuzi kwa moto apande mlima kila mara.

Hiyo ni ghali kuliko dosye? Visanduku 41 vikitoka, splita zikitoka, kisanduku-mama kikitoka, nafikiri hatutakuwa mbali. Tume ipige hesabu, iko na fakture za proforma, mimi sina.

Kuna waliosema mu grupu kwamba kuuliza maswali sasa ni kuchelewesha, na kwamba tukisema sana wakubwa walioahidi pesa watarudi nyuma. Naelewa. Lakini mchango wa kwanza, ule wa kompyuta za maktaba, tuliutoa bila kuuliza, na leo zile kompyuta ziko mu depo na maboksi yao, juu hakuna aliyeuliza kama kuranti ya maktaba inaweza kuziwasha zote.

Dola 20 zangu nimeziweka kando tangu wiki iliyopita. Tume ikitoa mchoro wenye hesabu ya desibeli, jina la kable isiyo na chuma na mstari wa serva, nazituma siku ileile. Na salongo ya kuchimba mfereji ikipangwa, nitakuja na jembe langu mwenyewe. Ila kable ya mstari wa 14 sitaizika.